Kutafuta transimita kwa ndege: mistari inakatana vizuri, ukifika hakuna kitu. Kosa liko wapi?

Antena ya Bawa (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna wadau waliniomba kwenye ule uzi wa kola za wanyama niliandike hili kwa kirefu, nimeona bora nilifungulie uzi wake. Kazi yangu ni ya kiti cha nyuma kwenye ndege ndogo za utafiti wa wanyamapori. Hedifoni masikioni, risiva mapajani, natafuta kola za redio za VHF, zile zinazolia tik, tik, tik kwenye masafa ya karibu na megahezi 150. Kola ya aina hiyo haijui iko wapi, inalia tu. Kujua mahali ni kazi yako wewe uliye hewani, na ulicho nacho ni vitu viwili: ndege iko wapi, na mlio unatoka upande gani wa ndege.

Hicho cha pili ndicho kinachotuumiza. Antena imefungwa kwenye ndege, kwa hiyo inakwambia mlio uko, tuseme, digrii 80 kushoto kwa pua. Ramani haina habari na pua yako. Ili uchore mstari lazima ujue pua imeelekea digrii ngapi, kisha ujumlishe au utoe. Ukiikosea pua kwa digrii 4, mstari wote umeenda upande digrii 4, hata kama risiva ni mpya na masikio yako ni ya popo.

Watu husema GPS imemaliza habari hii. Imemaliza nusu. Hadi Mei 2000 Wamarekani walikuwa wanaichafua kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia, unakosea hadi mita 100. Walipozima uchafuzi ule, sasa ni mita chache. Lakini kosa la mahali linausogeza mstari bila kuuzungusha. Ukikosea mahali ulipo kwa mita 50, kola nayo utaikosa kwa mita 50 hivi, iwe kilomita 2 au kilomita 40 kutoka kwako. Kosa la uelekeo linakua na umbali: digrii 1 ni mita 17 na nusu kwa kila kilomita. Digrii 5 kwa kola iliyo kilomita 20, umeikosa kwa kilomita 1.75. Mpeleke askari wa porini huko kwa miguu uone atakuitaje.

Halafu kuna upepo, na hapa ndipo wengi wanapigwa. GPS inakupa njia ambayo ndege inapita juu ya ardhi. Haikupi pua. Ndege inayokwenda noti 100 (noti moja ni kama kilomita 1.85 kwa saa) huku upepo wa noti 20 unaipiga ubavuni kulia, ili iende kaskazini moja kwa moja rubani lazima aielekeze pua upande wa upepo kwa digrii 11 na nusu. Ndege inakwenda mshazari. Skrini ya GPS inasema 000, yaani kaskazini, pua iko 011. Ukichukua namba ya skrini ukaifanya ndiyo pua, kola iliyo kilomita 15 ubavuni utaiweka kilomita 3 kutoka ilipo. Na mistari yako itakatana vizuri kabisa.

Nitaendelea, ila ulizeni kwanza.

kichwa_ngumu

Nimeweka kambi hapa. Ila mkuu, ndege zote si zina dira? Acha GPS, soma dira, maisha yaendelee.

Antena ya Bawa

Dira ipo, na ina mambo yake. Ndege ni chuma, nyaya na redio. Ndiyo maana mafundi huizungusha ndege uwanjani, wanaipima dira kila baada ya digrii kadhaa, wanaandika tofauti kwenye kile kikadi kidogo kilichobandikwa chini yake. Sasa mtafiti anakuja na kompyuta mpakato, betri ya ziada na spika yenye sumaku, anaviweka juu ya dashibodi. Kikadi hakina tena maana yoyote siku hiyo.

Pia dira ya maji, ile ya sumaku inayoelea kwenye kimiminika, haisomeki ndege ikiwa inakata kona au inabadili mwendo. Kwa hiyo rubani anasoma gairo (chombo chenye gurudumu linalozunguka kasi na kushikilia uelekeo wake), na gairo anaiweka sawa kwa kuilinganisha na dira, kwa kawaida kila dakika 15, kwa sababu gairo huhama taratibu. Sisi tuna bahati kidogo. Mzunguko wa dunia unaihamisha gairo kwa digrii 15 kwa saa mara saini (sine) ya latitudo; Serengeti haifiki hata digrii 1 kwa saa, lakini ukiwa latitudo 60 ni digrii 13. Inayobaki ni misuguano ya gairo yenyewe, na hiyo inategemea imezeeka kiasi gani.

Bahati nyingine ni sumaku ya dunia. Kwetu kaskazini ya dira na kaskazini ya kweli zinatofautiana digrii chache tu. Kule Cape Town tofauti inazidi digrii 20 kuelekea magharibi. Anayejumlisha pale anapotakiwa kutoa amekosea zaidi ya digrii 40, na nadhani atajigundua mapema. Huku kwetu ukikosea alama hutajua, maana kosa ni dogo kiasi cha kujificha ndani ya ubovu wa antena.

MpimaRamani

Mwanzisha uzi, umegusa fani yangu. Naongeza mawili.

La kwanza, hiyo sentensi yako kwamba mistari itakatana vizuri ina sababu ya kijiometri, ile ya duara tuliyosoma sekondari. Ukiwa na vituo viwili A na B, na vyote vimekosea uelekeo kwa kiasi kilekile, pembe kati ya mistari miwili haibadiliki. Pembe isipobadilika, makutano yanatembea juu ya duara linalopita A, B na kola yenyewe. Yanahama, lakini hayatoki kwenye duara, na mistari miwili siku zote inakutana mahali pamoja. Hakuna kitakachokustua.

Mtu atasema chukua mstari wa tatu. Nimekaa nikapiga hesabu kwa mfano wako: kola kilomita 15 ubavuni, vituo vitatu kwenye mstari mnyoofu wa kilomita 10, kosa la digrii 11 na nusu kwenye vyote. Makutano ya mistari ya pembeni yanahama zaidi kidogo ya kilomita 3. Mstari wa katikati unayapita kwa mita kama 330 tu. Antena zenu zinasoma kwa usahihi gani?

Antena ya Bawa

Ukiwa mzuri, digrii 5 kila upande. Kwa kilomita 15 hiyo ni kilomita 1.3.

MpimaRamani

Basi hizo mita 330 hamwezi kuziona. Mtachora, mtasema "pembetatu ndogo safi", mtasaini fomu.

La pili ni ramani. Ramani nyingi za karatasi za Tanzania na Kenya, zile za 1:50,000, zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo vya ramani. GPS inatoa WGS84, mfumo wa dunia nzima. Namba zilezile kwenye mifumo hiyo miwili zinatofautiana kwa takriban mita 300, sehemu kubwa ikiwa ya kaskazini na kusini. Nimeshaona watu wanasoma GPS ya mkononi, wanaweka alama kwenye karatasi, wanashangaa mbona mto uko ng'ambo. Hilo ni kosa la mahali, kwa hiyo kama alivyosema halikui na umbali, lakini mita 300 kwenye vichaka vya miiba ni asubuhi nzima.

Babu Signali

Vijana mnanikumbusha mbali. Mimi nilikuwa mawasiliano jeshini, sasa nalima vitunguu, lakini haya mambo bado yananikaa kichwani.

Waliolipa gharama kubwa kwa somo hili ni Wamarekani kule Vietnam. Tarehe 22 Desemba 1961 askari wao James T. Davis, kazi yake kutafuta transimita za adui akiwa ardhini na gari, alivamiwa karibu na Saigon akauawa pamoja na askari wa Vietnam Kusini aliokuwa nao. Ukitafuta mawimbi ukiwa ardhini, inabidi umsogelee mwenyewe. Baada ya hapo wakahamia hewani.

Ndege za mwanzo zilikuwa vindege vya Beaver, injini moja. Antena kwenye mabawa, rubani anaiyumbisha pua polepole kulia na kushoto mpaka mlio unafifia, hapo anajua transimita iko mbele yake, anasoma dira. Yaani uelekeo wa pua ndiyo kipimo chenyewe! Mahali walipo wanajua kwa macho: kona ya mto, njia panda, daraja. Ikifunga mawingu, au msitu ni uleule kila upande, mstari unao lakini hujui uuanzishie wapi.

Baadaye likaja jeshi la anga na EC-47, ile Dakota ya Vita vya Pili iliyojazwa redio. Humo kulikuwa na mwanaurambazaji kabisa, mtu wa kujua ndege iko wapi, na rada ya Dopla inayopima mwendo juu ya ardhi na ndege inasukumwa upande kiasi gani. Lakini Dopla inajumlisha mwendo kidogo kidogo, na kosa nalo linajumlishwa. Ilibidi kila baada ya muda wapite juu ya kitu kinachojulikana kwenye ramani, wairudishe sawa, ndipo waendelee. Kwa hiyo mstari wa kwanza baada ya alama ya ardhini ulikuwa bora kuliko mstari wa mwisho kabla ya alama inayofuata. Nyie wa GPS hamjaonja hiyo.

Antena ya Bawa

Shikamoo Babu. Hapo kwenye kuyumbisha pua kuna jambo nataka wasomaji walishike. Walikuwa wanaiyumbisha kwa usukani wa mkiani, ule unaosukumwa kwa miguu, mabawa yakiwa sawa, hawalazi ndege. Ukiilaza, pembe unayosoma ni ya sakafu ya ndege, si ya ardhi. Chukua kola iliyo mbali kwenye upeo wa macho, digrii 45 kutoka puani. Ndege ikilala digrii 30, utaisoma digrii 41. Digrii 4 zimepotea na hakuna chombo kilichoharibika. Mimi mstari niliouchukua kwenye kona naufuta, sibishani na mtu.

Babu Signali

Marahaba. Ndivyo hasa. Rubani mzuri wa kazi ile alikuwa na miguu mizuri.

njeri_wa_kodi

Sasa watu wa bongo. Niko Nairobi, mimi ni programa, si mtu wa ndege, lakini kuna kitu hamjasema na ndicho kimenisumbua kwenye data ya wateja: saa.

Ndege ya noti 120 inakimbia mita 60 kwa sekunde. Mtu anarekodi mlio kwa simu, mahali panarekodiwa na kifaa kingine, halafu jioni ananiletea mafaili mawili niyaunganishe kwa muda. Saa zikitofautiana sekunde 2, tayari ni mita 120. Na kuna ile shida ya vifaa vinavyoandika muda wa GPS wenyewe badala ya UTC, saa ya kimataifa. Tangu Januari 2017 tofauti ni sekunde 18. Sekunde 18 mara mita 60, umeenda kilomita moja na kitu. Nilikuwa naona mstari wa kwenda unaweka kitu hapa, wa kurudi unakiweka pale, kama kilomita 2 katikati yake. Kila mtu analaumu antena.

Antena ya Bawa

Dada Njeri, karibu sana. Hilo ni kosa la mahali lililovaa nguo za saa, na kupita mara mbili, kwenda na kurudi, ndiyo dawa ya kulifichua.

njeri_wa_kodi

Ngoja kwanza. Ile ya upepo si pia inageuka ukirudi? Upepo uko palepale mashariki, ukienda kaskazini pua inaelemea kulia, ukirudi kusini inaelemea kushoto. Kwa hiyo nikiona alama mbili zimeachana, nitajuaje ni saa au ni upepo?

Antena ya Bawa

Swali zuri, na kwa kola moja upande mmoja huwezi kujua. Tuchore. Upepo unatoka mashariki, kola iko magharibi, mtu ametumia namba ya GPS kama pua. Akienda kaskazini mstari unapinda kusini, kola inaonekana nyuma. Akirudi kusini mstari unapinda kaskazini, tena nyuma. Saa ya kinachorekodi mlio ikichelewa nayo inarudisha kila kitu nyuma, kwenda na kurudi. Ukiangalia karatasi ni picha moja.

Tofauti inaonekana kwenye mambo mawili. Saa inarudisha kola zote kwa kiasi kilekile, ya karibu na ya mbali. Upepo hauna hesabu hiyo: kola ya kilomita 2 inahama mita 400, ya kilomita 15 inahama kilomita 3. Halafu kola ikiwa mashariki badala ya magharibi, kosa la upepo linaisukuma mbele badala ya nyuma, kwa sababu mistari yote inazunguka upande mmoja. Saa haijali kulia wala kushoto.

Kwa hiyo weka kola tatu za majaribio mahali unapopajua: moja karibu, moja mbali, moja upande wa pili. Pita katikati, rudi. Utapata jibu kabla chai haijapoa.

kichwa_ngumu

Umetisha mkuu. Ila mimi bado na kichwa changu. Siku hizi kola zina GPS na satelaiti, mnyama anatuma mwenyewe alipo. Mnahangaika na tik tik za nini?

Antena ya Bawa

Zipo, na anayezimudu anazitumia. Lakini betri ya GPS ikifa, au mnyama akiwa shimoni, kinachobaki kinalia mara nyingi ni VHF. Ndiyo maana kola nyingi za GPS bado zimewekewa VHF ndani. Kwa wanyama wadogo uzito na bei havikuruhusu.

Na si wanyama tu. Vifaa vya dharura vya ndege vinapiga satelaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa uokoaji, kwa megahezi 406, zile zilizookoa watu kwa mara ya kwanza Septemba 1982 kule Kanada. Kama kifaa hakitumi namba zake za GPS, satelaiti za mzunguko wa chini zinakipata kwa Dopla, yaani masafa ya mlio yanavyobadilika satelaiti ikikaribia na kuondoka, na unapewa eneo la kilomita kadhaa. Kumalizia, ndege ya uokoaji inafuata mlio wa megahezi 121.5 unaotoka kwenye kifaa hichohicho. Tangu Februari 2009 satelaiti haziisikilizi tena 121.5. Inasikilizwa na watu kama sisi.

Rubani wa Mkoani

Niwasaidie wasafiri wangu wa kiti cha nyuma: nyinyi mnapenda kuchora, mimi napenda kufuata. Antena ya kushoto na ya kulia, swichi katikati. Kushoto kukilia zaidi, nageuka kushoto, mpaka zilingane, naenda. Sauti ikipanda kisha ikashuka ghafla, tumepita juu. Bonyeza GPS, basi. Pua ingekuwa imekosea digrii 20 nisingejua na nisingehitaji kujua.

Antena ya Bawa

Kapteni wangu huyo, na amesema kweli tupu. Kufuata mlio hakuulizi dira chochote; upepo ukikusukuma utafika kwa njia ya kupinda, lakini utafika. Kosa linalobaki ni la mahali tu, yaani mlipopita juu kweli mlipita juu, au mlibonyeza sekunde 3 baadaye? Tunachora pale ambapo hatuwezi kupita juu: mpaka wa nchi, mlima umefunikwa na wingu, mafuta, au mnyama asiyetakiwa kushtuliwa.

MpimaRamani

Turudi kwenye kuchora. Kola za majaribio mnazo leo. Mkiwa porini na kosa ni la kudumu, tuseme antena imefungwa vibaya digrii 4 au mmesahau kurekebisha dira, kwenda na kurudi hakutasaidia. Digrii 4 za kudumu zinaupeleka mstari upande uleule wa ramani, uende uje.

Antena ya Bawa

Kweli kabisa, na ndilo kosa lenye ukimya kuliko yote. Dawa yake ni kuizunguka. Kata pande nne au sita kuizunguka sehemu unayoishuku, mabawa sawa kwenye kila upande, chukua mstari kila upande. Kosa likiwa sifuri, mistari inakutana katikati, ukiacha mtawanyiko wa kawaida. Kosa likiwa la kudumu, mistari yote inaipita kola kwa upande mmoja, yote kushoto au yote kulia, na inaacha shimo katikati. Kwa digrii 4 ukiwa kilomita 10, shimo lina nusu kipenyo cha mita 700. Kola iko katikati ya shimo.

Na utamu wake ni kwamba shimo linakupa kosa lenyewe. Pima nusu kipenyo, gawanya kwa umbali, una pembe (kila mita 17 na nusu kwa kilomita ni digrii 1). Itoe kwenye mistari yote, chora upya, shimo linafumba. Hapo ndipo watu huanza kuniamini.

njeri_wa_kodi

Hiyo naweza kuiandikia programu leo usiku. Badala ya kutafuta x na y tu, natafuta x, y na kosa la pembe kwa pamoja. Mistari ya upande mmoja haitoshi lakini, si ndiyo? Kosa na mahali vitachanganyika.

Antena ya Bawa

Ndiyo. Kwa mstari mnyoofu kompyuta itakupa jibu, ila jibu lenyewe litateleza kwenye lile duara la MpimaRamani. Iambie programu ikatae kama pande hazijazunguka angalau nusu ya kola.

Rubani wa Mkoani

Swali la pesa. Kuna fundi ameniambia kuna GPS za antena mbili zinazotoa uelekeo wa pua bila sumaku wala gairo. Zinafaa?

Antena ya Bawa

Zinafaa sana. Zinalinganisha mawimbi kwenye antena mbili zilizoachana, na pua inapatikana kwa tofauti hiyo. Kanuni ya kidole: kosa la sentimita 1 kati ya antena zilizoachana mita 1 ni zaidi kidogo ya nusu digrii, ukiziachanisha mita 2 linapungua nusu. Betri ya mtafiti haiisumbui. Ila zifungwe kwenye bodi ya ndege, zisifungwe kwenye kitu kinachotikisika, na mkishafunga mpime upya tofauti kati ya mstari wa antena hizo na pua ya ndege, maana mkikosea hapo mmenunua kosa la kudumu kwa bei ghali.

Rubani wa Mkoani

Ile ya kupima mtafanyia uwanjani kwetu? Kuna mnara wa maji unaonekana vizuri upande wa pili wa njia ya kurukia.

MpimaRamani

Nitakuja na totali stesheni, kile kifaa cha wapima ardhi cha kupimia pembe na umbali. Wewe toa mafuta ya gari tu.